Farasi wa kwanza ukiwa umepita umri wa miaka hamsini: maswali ya wasomaji

SWALI: Ndugu wahariri, mimi ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, nina miaka 52. Nimetamani farasi tangu utotoni, na sasa watoto wamemaliza shule. Nimepata mmoja aliyestaafu mbio za Ngong, ana miaka 5, na bei yake ni nafuu. Nimchukue? Ataweza kula na kuogeshwa pamoja na ng'ombe wangu?
Msomaji, Limuru

JIBU: Huyo mwache. Farasi wengi wa mbio wamezoea kuegemea lijamu (chuma cha mdomoni) wakikimbia. Ukivuta hatamu ili asimame, huenda akaongeza mwendo. Mtu anayeanza atafute farasi maksai (dume aliyehasiwa) mtulivu wa miaka 12 hadi 18. Kwanza jifunze kupanda kwa miezi sita hivi. Ukimpata unayemtaka, mpande siku mbili tatu tofauti, na siku moja ufike mapema umwone akikamatwa malishoni na kutandikwa, maana tabia yake halisi huonekana hapo. Daktari wa mifugo atakayemkagua uwe umemtafuta wewe, si muuzaji. Nawe pitisha vidole nyuma ya mguu wa mbele, chini ya goti: kano ziwe ngumu na nyembamba. Ukikuta uvimbe au joto, kano hiyo imeumia.

Swali lako la pili ndilo zito zaidi. Wafugaji hodari wa ng'ombe hupoteza farasi kwa sababu wanamtunza kama ng'ombe.

Tuanze na chakula. Farasi wa kilo 450 anahitaji takriban kilo 9 za nyasi kavu kwa siku, yaani marobota 18 ya kilo 15 kwa mwezi. Nyasi ya Boma Rhodes ndiyo bora. Nepia na nyasi za kikuyu zina oksalati, ambayo hushika kalisi tumboni isifike kwenye damu. Akizila peke yake kwa miezi mingi, mwili huchota kalisi kutoka kwenye mifupa: atachechemea leo mguu huu, kesho ule, na mwishowe mifupa ya uso itavimba pande zote mbili. Pumba za ngano huzidisha tatizo hilo kwa sababu zina fosforasi nyingi. Ongeza kilo moja au mbili za lusani, jiwe la chumvi, na maji safi wakati wote. Hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku.

Chakula cha madukani cha ng'ombe asikiguse. Baadhi huchanganywa dawa ya monensini, ambayo ng'ombe huivumilia lakini huua moyo wa farasi hata kwa kiasi kidogo. Mahindi yenye ukungu nayo huozesha ubongo wake. Usimpe hata yale unayoyatilia shaka.

Kuogesha pamoja, hapana. Dawa za kupe zenye amitrazi husimamisha matumbo ya farasi, kinyesi kikaziba. Soma lebo ya dawa, umwombe daktari iliyoruhusiwa kwa farasi, na kila siku toa kupe kwa mkono masikioni, kwenye manyoya ya shingo na chini ya mkia. Ufizi ukiwa mweupe au wa manjano na joto likipita nyuzi 38.5, shuku homa ya kupe na mwite daktari siku hiyohiyo.

Chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika (African horse sickness) ni ya kila mwaka, na ya pepopunda isisahaulike. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na usubi wanaouma kuanzia jioni hadi alfajiri, kwa hiyo wakati wa mvua alale bandani. Fundi wa kwato aje kila wiki 6 hadi 8.

SWALI: Magoti yangu yanauma. Nipandeje?
Msomaji, Nanyuki

JIBU: Tumia kipandio imara cha sentimita 50 hadi 60. Kupanda kutoka chini kwa rikabu (kikanyagio cha tandiko) kunakuumiza goti na pia kunapinda mgongo wa farasi. Uzito wako pamoja na tandiko usizidi asilimia 20 ya uzito wake. Helmeti vaa kila mara, hata akiwa anatembea polepole.

SWALI: Farasi akipata msokoto wa tumbo, nimnyweshe mafuta kwa chupa kama ng'ombe?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapana, tafadhali! Mafuta huingia mapafuni. Daktari ndiye huyapitisha kwa mpira puani. Dalili ni kukwangua ardhi, kugeuka kutazama ubavu, kujigaragaza na kukosa kinyesi. Ondoa chakula chote, mwite daktari, kisha mtembeze polepole kama anataka kujigaragaza. Hesabu mapigo kwenye mshipa ulio chini ya taya: kawaida ni 28 hadi 44 kwa dakika. Yakifika 60, mwambie daktari hivyo kwenye simu, ajue haraka inayohitajika.