Maswali ya Wasomaji: Namba za Wachezaji katika Pro Evolution Soccer 6

Barua tulizozichagua kwa toleo hili zote zinahusu Pro Evolution Soccer 6, gemu la mpira wa miguu lililotolewa na Konami mwezi Oktoba 2006, ambalo wengi wanaendelea kulicheza hadi leo ingawa yapo magemu mapya yenye picha nzuri zaidi. Kwa msomaji asiyelifahamu, kila mchezaji katika gemu hili ana ukurasa wenye sifa 26, kila sifa ikipimwa kwa namba isiyozidi 99, na namba hizo hubadilika rangi kadiri zinavyopanda: njano kuanzia 80, rangi ya machungwa kuanzia 90 na nyekundu kuanzia 95. Pembeni yake kuna vipimo vichache vya 1 hadi 8, pamoja na orodha ya vipaji maalumu ambavyo mchezaji akiwa navyo huwekewa nyota.

SWALI: Ndugu Mhariri, Adriano, yule mshambuliaji Mbrazili wa Inter ya Italia, ana 99 katika nguvu ya shuti. Mbona nikimtumia mimi mashuti mengi hupaa juu ya lango, wakati ndugu yangu hufunga mabao kwa straika mwenye nguvu ya 84 tu? Je, namba hiyo ina kazi yoyote, au ni pambo?

JIBU: Ina kazi, ndugu msomaji, lakini kazi yake ni moja tu, nayo ni kuamua mpira utakwenda kwa kasi gani ukishatoka mguuni. Mahali utakapokwenda huamuliwa na usahihi wa shuti, ambayo ni sifa nyingine kabisa. Na kama mchezaji ataweza kuupiga vizuri hali amekaa vibaya, anasukumwa au mpira bado uko hewani, hilo huamuliwa na sifa ya tatu, yaani ufundi wa kupiga shuti. Wachezaji wengi wa gemu hili husoma ile ya kwanza kwa sababu ni nyekundu na inavutia macho, kisha wakasahau hizo mbili nyingine ambazo ndizo zinazoifanya iwe na faida.

Tulitazame tukio moja kwa utaratibu. Kiungo anampasia Adriano ukingoni mwa eneo la hatari, na beki yuko mgongoni kwake. Sifa ya kwanza kuulizwa ni ufundi wa kuumiliki mpira: je, unatulia mguuni, au unamtoka nusu hatua? Ukimtoka, beki ameshaunyaka na habari imekwisha. Ukitulia, beki anaingiza bega, na hapo uimara wa mwili ndio unaoamua nani ataondoka na mpira; Adriano hujengewa heshima kubwa katika kipengele hiki, na mara nyingi beki ndiye anayeyumba. Baada ya hapo anageuka kulitazama lango, na muda atakaotumia kugeuka hutegemea wepesi wa mwili, ambao kwa mtu wa umbo lake si silaha kubwa. Hapo ndipo mashuti mengi yanapoharibikia. Mchezaji mwenye haraka hubonyeza kitufe cha shuti kabla Adriano hajamaliza kugeuka, naye hupiga akiwa amelipa lango ubavu, kwa hiyo ile 99 inaupeleka mpira nje kwa kasi kubwa kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Kuna pia suala la mguu. Adriano ni mtu wa kushoto, na gemu lina vipimo viwili vya mguu dhaifu, kimoja kikionyesha mchezaji huutumia mara ngapi, kingine kikionyesha huutumia kwa usahihi gani. Ukiuleta mpira kuliani kwake akiwa amebanwa, ama atajipinda ili aupate kwa kushoto na kupoteza muda, ama ataupiga kwa mguu ambao hauna sifa unazozisoma kwenye ukurasa wake. Mlete kutoka kulia kwenda katikati, mpira ukiwa mbele ya mguu wa kushoto, mpe hatua moja ya ziada, ndipo ubonyeze.

La mwisho katika jibu hili ni mstari wa nguvu unaojaa kadiri unavyoshikilia kitufe. Mstari huo kwa sehemu kubwa ndio unaoupandisha mpira juu, wakati kasi yenyewe Adriano anayo tayari mguuni. Ukimshikilia kitufe kama unavyomshikilia straika wa kawaida, unaongeza kimo ambacho hukukihitaji. Kwa huyu, gusa na uachie mapema.

Ama kuhusu ndugu yako na straika wake wa 84, sishangai hata kidogo. Mshambuliaji mwenye usahihi mzuri, mwepesi wa kuitikia mpira uliotemwa na kipa, na mwenye nyota ya kujipanga au ile ya kumaliza ana kwa ana na kipa, hupiga akiwa karibu na akiwa huru. Ndani ya hatua chache kutoka langoni, kipa hana muda wa kuizuia hata nguvu ya 84.

SWALI: Winga wangu ana namba nyekundu katika kasi, lakini beki mwenye namba ya njano humkamata karibu kila mara. Nimeanza kuamini kwamba gemu linampendelea mpinzani. Kweli au si kweli?

JIBU: Kabla ya kulilaumu gemu, tazama ni kasi ipi iliyo nyekundu, kwa maana ziko tatu. Kuna kasi ya juu, ambayo mchezaji huifikia baada ya kukimbia umbali fulani bila mpira. Kuna mchomoko, yaani jinsi anavyoifikia kasi hiyo upesi akitoka kusimama. Na kuna kasi ya kukimbia na mpira mguuni. Winga wako huenda ana ile ya kwanza tu. Ukimpa mpira akiwa amesimama kando ya mstari na kumwamuru akimbie nao, unamtaka atumie sifa mbili ambazo hana, dhidi ya beki ambaye hana mpira wa kumchelewesha.

Mgawanyo huu wa kasi katika sehemu tatu, kwa maoni yangu, ndio uamuzi bora kuliko yote waliyoyafanya waliolibuni gemu hili, kwa kuwa ndivyo ilivyo uwanjani kweli: wako wanaotisha mpira ukiwa mbele yao na kupwaya ukiwa miguuni. Obafemi Martins wa Nigeria anakumbukwa sana na waliolicheza gemu hili, na waliomwogopa zaidi ni wale waliopanga mabeki wao mbali na lango, kwa sababu walimwachia uwanja wa nyuma wa kukimbilia. Mpe winga wako pasi za kupenyeza zinazotua mbele yake, aupate mpira akiwa tayari yuko katika mwendo, na huyo beki wa njano ataanza kuiona namba ya jezi yake.

SWALI: Inakuwaje mchezaji yuleyule awe moto katika mechi moja na katika inayofuata ashindwe hata kutoa pasi fupi, ilhali namba zake hazikubadilika?

JIBU: Namba ulizoziona ukurasani ni za siku ya kawaida. Kabla ya kila mechi gemu humpa kila mchezaji mshale wa hali yake, kuanzia mwekundu unaotazama juu hadi ule unaotazama chini kabisa, ukipita kwenye mshale wa kijani uliolala ambao ndio hali ya wastani. Mshale ukipanda, uwezo wake katika mechi hiyo hupanda. Ukishuka, hushuka, na mchezaji wa kati mwenye mshale mwekundu anaweza kumzidi nyota aliyeangukiwa na mshale wa chini.

Wengi hulijua hilo. Wasichokitazama ni kipimo cha uthabiti, kati ya vile vya 1 hadi 8, ambacho huonyesha mshale wa mchezaji huyumba kiasi gani. Mwenye uthabiti wa juu hukaa karibu na wastani wiki nenda wiki rudi. Mwenye uthabiti wa chini anaweza kukupa mabao ya ajabu leo na kesho akakutia hasara. Katika ligi ndefu, hasa kwa nafasi za beki wa kati na kiungo mkabaji, mimi humchukua mwenye namba za wastani na uthabiti wa juu bila kusita, kwa sababu nafasi hizo zinahitaji mtu unayejua atakupa nini. Kwa nafasi ya mshambuliaji wa akiba unaweza kucheza bahati nasibu.

Mkitaka kupimana uwezo na rafiki pasipo bahati kuingilia, mipangilio ya mechi ya kirafiki inaruhusu timu zote mbili kuwekewa hali ya kawaida.

SWALI: Kipa achaguliwe kwa namba ipi?

JIBU: Anza na uwezo wa kipa wenyewe, kisha wepesi wa kuitikia, kisha kuruka, na usidharau urefu wake. Nyota ya kuzuia penalti haimsaidii kipa dhaifu katika dakika 90.

SWALI: Ni nani hasa aliyeamua namba hizi, na je, ni haki mtu kuzibadilisha? Adriano wa msimu wa 2006 hakuwa tena yule wa miaka miwili nyuma, lakini gemu halikuonyesha hivyo.

JIBU: Waliamua watu, chini ya mtayarishaji Shingo Takatsuka na kikosi chake cha Konami, kwa kuwatazama wachezaji na kukadiria. Kasi unaweza kuipima kwa saa, na urefu kwa futi kamba, lakini hakuna chombo kinachopima uwezo wa kushirikiana na wenzako au ugumu wa moyo timu inapokuwa nyuma kwa bao moja. Kwa hiyo ukurasa wa sifa ni maoni ya mtazamaji makini, na maoni hayo hubeba kumbukumbu.

Kumbukumbu za Adriano zilikuwa nzito. Agosti 2001, akiwa na miaka 19, aliingia katika mechi ya kirafiki ya Inter dhidi ya Real Madrid pale Santiago Bernabéu na kufunga kwa faulo ambayo walioiona hawajaisahau. Mwaka 2004 alikuwa mfungaji bora wa Copa América kwa mabao saba, likiwamo lile la kusawazisha dhidi ya Argentina katika muda wa majeruhi wa fainali, ambayo Brazili iliishinda kwa penalti. Mwaka uliofuata akawa mfungaji bora wa Kombe la Mabara. Gemu lilipotoka, ni kweli kwamba kiwango chake pale Inter kilikuwa kimeshuka. Lakini jiulize ni sifa ipi iliyoshuka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na nguvu ileile, na kwa hiyo ile 99 naitetea. Kama ningekuwa na kalamu ya waandaaji, ningeupunguza uthabiti wake na pumzi yake, nikaliacha shuti kama lilivyo.

Ndivyo ninavyokushauri nawe, kwa kuwa gemu lina sehemu ya kuhariri wachezaji na si kosa kuitumia. Usiongeze namba kwa sababu mtu amefunga mabao mengi. Tafuta tendo lililoyaleta. Straika anayefunga mabao ya karibu kila wiki pengine anastahili nyongeza katika sifa ya ushambuliaji, ambayo humfanya ajue pa kukimbilia, wala si katika usahihi wa shuti. Badilisha kwa pointi mbili au tatu, halafu umtazame katika mechi kadhaa kabla ya kumgusa tena. Uwe mwangalifu zaidi pale namba inapokaribia kuvuka 95, kwa sababu nyekundu zikijaa kwenye kila ukurasa hutajua tena nani ni nani. Mkiwa mnacheza wawili au zaidi, kubalianeni kwanza juu ya kila badiliko, na kabla ya kuanza hifadhini nakala ya faili la mwanzo kwenye kadi nyingine ya kumbukumbu, ili asiyeridhika aweze kudai mechi ichezwe kwa namba za Konami.