Mwanangu anasema gemu linamfundisha Kiingereza, ni kweli?

SWALI: Habari zenu. Kijana wangu kamaliza la saba anasubiri form one, simu yangu haipumziki, asubuhi Free Fire jioni Minecraft, nikimfokea ananambia mama najifunza Kiingereza. Kasoma kwa Kiswahili tangu la kwanza na huko sekondari masomo karibu yote Kiingereza, sasa naogopa kumnyang'anya simu kumbe kweli anajifunza. Nisaidieni jamani. (Mama, Tabora)

JIBU: Mama, mtoto hajakudanganya, ila inategemea gemu lenyewe. Free Fire mechi inaisha kama dakika 10 hivi na maneno ni yaleyale, adui, risasi, dawa, tena anaweza kucheza mwezi mzima anafata picha tu asisome kitu. Minecraft, lile la kuchimba na kujenga, ndo nampa maksi. Kule kila kitu kina jina na jina lina kazi, akichimba madini ya chuma kwa sururu ya mbao anaambulia patupu, inatakiwa ya jiwe, kwa hiyo akichanganya 'wooden' na 'stone' kazi yote imepotea na siku nyingine hakosei. Akitia 'sand' (mchanga) kwenye 'furnace' (tanuru) na makaa inatoka 'glass' (kioo), hapo kajua maneno matatu kwa kuyatumia, na mchanga, makaa ya mawe, chuma na udongo wa mfinyanzi atavikuta tena kwenye jografia. Hakikisha tu lugha ya gemu imewekwa Kiingereza.

Sasa kinachonitia wasiwasi mimi ni maneno ya mtihani. 'Explain' (fafanua), 'describe' (elezea), 'calculate' (kokotoa), 'give reasons' (toa sababu), hayo gemu halina, na ndo yanayowaangusha watoto wengi form one, jibu analijua ila swali hajaelewa linataka nini. Kwa hiyo simu usimnyang'anye, mpe saa moja, akimaliza akuletee daftari na maneno matano mapya, kila neno na sentensi ya kwake mwenyewe, halafu mwulize yale ya juzi kabla hajafungua ya leo maana neno lisiporudiwa linayeyuka. Hata kama Kiingereza chako ni cha kuombea maji we mwambie akueleze kwa Kiswahili, akishindwa kukueleza bado hajalijua. Na yale maneno ya maswali mwandikie mlangoni kwenye karatasi kubwa, ayaone kila akitoka.

Meseji za watu asiowajua humo ndani zima kwenye setingi, leo hii.