Kwa wapigaji wapya wa kinanda cha mdomo: tazameni kwanza shingo ya gitaa

Vijana wangu, nimewasikiliza tena juzi pale Forodhani, nikarudi nyumbani na furaha na hasira kwa pamoja. Furaha, kwa kuwa hamonika, yaani kinanda hiki cha mdomo, imepata watu hapa Unguja, ambako ndugu yake mkubwa, akodioni, ana heshima yake ya siku nyingi kwenye taarabu. Hasira, kwa kuwa makosa ni yaleyale: gitaa moja, hamonika moja, na hakuna anayemsikiliza mwenziwe. Tundu kumi mnazijua, kupuliza na kuvuta mnajua, na mnajua kwamba wimbo wa ki ya G, yaani uliojengwa juu ya noti ya G, tunaupigia hamonika ya C. Hayo siyarudii.

1. Suuza mdomo kabla ya kupiga. Halwa na kashata vinagandisha sukari kwenye ndimi, vile vibati vyembamba vya ndani vinavyotoa sauti, na noti inakufa katikati ya wimbo.

2. Kwenye kutyuni, gitaa ndilo linalokufuata wewe. Ndimi zako zimeshategwa kiwandani, na viwanda vingi huzitega juu kidogo ya A ya mitetemo 440 kwa sekunde, kwa hivyo mwenzio aliyetyuni kwa simu atakuwa chini yako. Vuta tundu la 6 la hamonika ya C kwa upole, mpe hiyo A, msubiri akaze nyuzi.

3. Kapo, kile kibano kinachobana nyuzi zote kwenye freti, vichuma vinavyokata shingo ya gitaa, kikapandisha sauti. Hapa nitakaa.

Tulikuwa watu watatu kwenye hoteli moja upande wa kaskazini: mimi, mpiga gitaa niliyesoma naye skuli, na binti mmoja mwimbaji ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusimama mbele za watu. Mazoezini wimbo wetu ulikuwa G. Jioni ile binti akasema mstari wa chini unamkwama, akaomba upandishwe kidogo. Mpiga gitaa akabana kapo freti ya pili. Mimi nilikuwa nimeinama nahangaika na waya wa maiki. Nilipoinuka nikauliza, "Ki gani?" Akanambia, "G ileile." Hakudanganya, vidole vyake vilikuwa vinashika G ileile. Sauti iliyokuwa inatoka ni A.

Ubeti wa kwanza sikupiga, ndivyo tulivyopanga. Nikaingia kwenye kiitikio, tena kwa nguvu. C yangu ikagongana na C shapu ya gitaa, F na F shapu, G na G shapu. Nilisikia kwamba mambo yameharibika, lakini nikadhani ni kukunja kwangu, kule kuishusha noti kwa pumzi, tu kumeenda kombo, nikazidi kuvuta. Maiki yangu ilikuwa juu kuliko yake. Binti akajaribu kunifuata, akateleza, akarudi kwenye gitaa, akateleza tena, mwishowe akaacha kuimba katikati ya mstari. Watu wote mezani wakamtazama yeye. Aliyeharibu ni mimi, aliyeonekana kaharibu ni yeye.

Tulipomaliza, bwana aliyetuita akamwambia akajifunze kwanza kushika sauti. Nilikuwa nimesimama palepale. Mwenzangu alikuwa anaifungua kapo mbele ya macho yangu, na nilikuwa nimeshaelewa kila kitu. Sikufungua mdomo. Nilimtaka radhi baadaye, akanisamehe, lakini hakuimba tena na sisi, na sikuwa na haki ya kumbembeleza.

Ndiyo maana juzi, nilipomwona kijana ana C mkononi na kapo ya mwenziwe imebana freti ya tatu, moyo ulinipasuka. Usiulize "ki gani" ukaridhika na jibu. Tazama shingo ya gitaa. Umbo la G na kapo freti ya pili ni A, chukua hamonika ya D. Freti ya tatu ni B flati, chukua E flati. Kama huna, sema huna, wimbo huo ukae pembeni. Kabla ya kuingia, vuta noti moja kwa sauti ndogo, mbali na maiki, uisikilize juu ya gitaa. Ukishaingia na ukasikia mgongano, toa chombo mdomoni hapohapo. Na akilaumiwa mtu mwengine kwa kosa lako, sema siku ileile, mbele ya anayemlaumu.

4. Mwimbaji akiimba, nyamaza. Mmelelewa kwenye taarabu, mnajua fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi, hupata nafasi yao mwimbaji anapopumzika. Mbona mkishika hamonika mnayasahau? Wasikilizeni Sonny Terry na Brownie McGhee, Wamarekani waliopiga hamonika na gitaa pamoja kwa miongo. Gitaa linashika chini, hamonika inajibu.

5. Kukunja. Tundu la 3 la kuvuta kwenye C lina B, na chini yake mna B flati, A na A flati. Wengi wenu mnaanguka moja kwa moja hadi chini, noti za kati hamzijui. Mwambie mwenzio apige uzi mmoja, B kisha B flati, nawe uzitafute moja moja hadi zikae. Na kati ya hizo mbili ipo noti ambayo freti za gitaa hazina: ukianzia G, ndiyo noti ya tatu ya maqamu ya Rast, mojawapo ya ngazi za noti za muziki wa Kiarabu. Mzee mmoja wa fidla alinikalisha barazani akanipigia noti ile hadi sikio langu likaikubali, na tangu hapo naona hamonika ni chombo chetu pia. Ukiitumia, mwambie mpiga gitaa asipige kodi kamili ya G, yaani noti zake zote kwa pamoja. Apige G na D peke yake, aiache B, maana akiipiga atakuua.

6. Kishikio cha shingoni, kwa wale wanaotaka kupiga vyote viwili peke yao. Kaza skrubu mpaka hamonika isisogee. Ikilegea utaanza kuifuata kwa shingo na mkono wa kushoto utapoteza kodi. Viganja huna tena vya kuichezesha sauti, kwa hivyo punguza noti. Jimmy Reed, mpiga blues wa Marekani, alipiga vyote viwili miaka ya 1950 kwa noti chache sana, na hazikosi kitu.

7. Bila gitaa kabisa, jifunzeni ulimi. Funika tundu nne kwa mdomo, ulimi uzibe tatu za kushoto, wimbo utoke kulia. Inua ulimi kati ya mapigo upate kodi. Mguu ndio ngoma yako.

8. Masika. Hamonika ya mbao, Marine Band ya kampuni ya Hohner, inayotengenezwa tangu 1896, kwa mfano, hunywa mate na unyevu ikavimba hadi ikakukata midomo. Kwa hewa yetu mwanafunzi anunue yenye kiunzi cha plastiki. Ya mbao usiioshe kwa maji. Yoyote uliyonayo, ukimaliza igonge kiganjani tundu zikitazama chini, uiache ikauke kabla ya kuifunga kwenye kisanduku chake.