Betri nzima niliyoitupa

Coaster yangu ndiyo nyumba nikiwa safarini: kitanda, friji ndogo, betri mbili nyuma, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani), sola juu ya paa. Napeleka asali Kigoma, narudi Tabora na dagaa. Usiku mmoja nimelala Kaliua, kila friji ikitaka kuwaka inveta inapiga piii, inazima. Fundi akagonga betri moja kwa spana, akasema, "Kaka, hii imeshakufa." Nikatoa hela, nikaweka mpya. Usiku uleule, piii.

Siku hizi nashika mita ya kupimia volti kwanza, hela baadaye. Pima betri friji ikiwa imezimwa, kisha friji ikivuta umeme. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma 12.6 hivi, ikisoma 12.0 imeshuka sana. Yangu ilisoma 12.6. Friji ilipowaka, kwenye vichwa vya betri ikashuka hadi 12.3, hakuna neno. Nikahamishia mita kwenye inveta: 10.9! Volti 1.4 zimepotelea kwenye waya ambao hata mita tatu haufiki. Inveta nyingi hujizima kwenye 10.5 hivi, na friji huvuta sana pale inapoanza.

Nikaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye hasi ya inveta, friji ikiwaka. Ikasoma 1.3. Mchawi nimempata. Waya wa hasi ulifungwa kwenye chesisi, yaani fremu ya chuma ya gari, juu ya rangi. Nati ilikuwa ya moto, sikuweza kuishika. Nilifungua hasi ya betri kwanza, nikasugua chesisi kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikakaza, nikapaka grisi juu. Msasa wenyewe bei yake haifiki hata ya soda.

Kama betri za nyuma hazijai hata ukiendesha kutwa, zipime injini ikiunguruma. Zinatakiwa zisome kati ya 13.8 na 14.4. Zikibaki 12.6, tazama fyuzi na rilei (swichi inayojiwasha kwa umeme) iliyo kati yake na betri ya gari. Kiangazi futa na vumbi la sola.

Vua pete kabla ya kugusa betri: ikiunganisha chanya na hasi kupitia spana inawaka moto ikiwa kidoleni. Na upande wa volti 230 wa inveta usiuchezee, huo unaua.

Betri ile "iliyokufa" iko Mwanga kwa shemeji, inawasha taa na redio kibandani. Nimeiomba, amekataa kuirudisha.