Kupima kisukari kwa pumzi: MQ-3 inaona nini hasa?

Swali: Shikamoo mhandisi. Nasoma umeme, mwaka wa mwisho, niko Mbeya. Nimeunganisha kihisi cha gesi cha MQ-3 na Arduino, ubao mdogo wa kielektroniki unaosoma kihisi na kutoa namba. Nikipuliza mimi kinasoma 240. Mjomba wangu mwenye kisukari akipuliza kinasoma 310. Naweza kuanza kupima watu mtaani bila kuwatoboa vidole?

Jibu: Marahaba. Hapana, usianze, na nitakueleza kwa nini, maana kazi uliyofanya inastahili jibu kamili.

Unachokitafuta kipo. Mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa hutoa pumzi yenye harufu kama ya tunda lililoiva kupita kiasi. Hiyo ni asetoni. Ila pumzi ya mtu mwenye afya huwa nayo kidogo sana, mara nyingi chini ya sehemu 1 katika milioni, na MQ-3 imetengenezwa kwa ajili ya pombe, kuanzia kama sehemu 25 katika milioni kwenda juu. Unapima pete kwa mizani ya magunia ya mahindi.

Sasa ile 310 imetoka wapi? Ndani ya kihisi kuna oksidi ya bati inayopashwa moto na hita ndogo. Oksijeni ya hewani hung'ang'ania juu yake na kushika elektroni, ukinzani ukapanda. Ikija gesi inayoungua, hula ile oksijeni, elektroni zinaachiwa, ukinzani unashuka na namba yako inapanda. Kihisi hakiulizi ni gesi gani. Mvuke wa maji nao hushusha ukinzani, na pumzi ya binadamu imejaa mvuke.

Jaribu hivi leo jioni. Chukua chupa ya plastiki, weka maji ya uvuguvugu hadi nusu, ifunge, itikise, kisha fungua na ibonyeze taratibu ili hewa yake itoke juu ya kihisi. Hapo hakuna mgonjwa wala asetoni. Namba ikipanda, umeuona mvuke. Halafu sukutua kwa dawa ya kinywa yenye alkoholi, upulize tena. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza mezani kwangu, namba ilikwenda juu kabisa na ikachukua dakika kadhaa kurudi. Angalia pia kama mjomba alipuliza kwa muda mrefu kuliko wewe, au kama hita ilikuwa imewaka muda mfupi tu. Kihisi kipya huhitaji saa 24 au zaidi kabla hakijatulia.

Vipo vihisi bora, kwa mfano vya oksidi ya tungsteni iliyochanganywa na silikoni, ambavyo maabarani vimeshika asetoni chini ya sehemu 1 katika milioni. Hata hivyo tatizo kubwa liko mwilini. Asetoni hutokana na ini kuvunja mafuta. Aliyefunga Ramadhani, akipuliza saa kumi jioni, anaweza kuwa nayo nyingi na sukari yake iko sawa. Mwenye kisukari aina ya 2, ambayo ndiyo ya wagonjwa walio wengi, bado ana insulini kiasi cha kuzuia mafuta yasivunjwe ovyo, hivyo sukari yake ya damu inaweza kuwa 15 mmol/L na pumzi yake isioneshe kitu. Huyo ukimwambia "uko salama" umemdhuru, maana hataenda kupima damu. Kipimo cha damu kabla ya kula, ambapo 7.0 mmol/L na kuendelea ni kisukari, au HbA1c (kipimo cha damu cha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita) ya asilimia 6.5 na kuendelea, ndicho cha kutegemea.

Na mjomba, ukimwona anapumua kwa kina na haraka, anatapika, na ile harufu ya tunda ipo, usihangaike na Arduino. Mpeleke hospitali usiku huohuo.

Mradi wenyewe usiutupe. Badili swali: kihisi hiki kinatenganishaje pombe na mvuke? Ongeza kipima unyevu na jotoridi pembeni yake, rekodi vyote kila sekunde, uchore. Hapo una kazi ya kutetea mbele ya wasimamizi.