Pool ya 14.1: mpira wa mwisho ndio wenye gemu

Mkuu mleta mada, umesema umezoea ile pool ya kumalizia na mpira namba nane, ukauliza kama 14.1, aina nyingine ya pool, ni ngumu kama ulivyoambiwa. Mimi nilijifunzia huku Columbus, Ohio, kwa mzee mmoja tuliyekuwa naye zamu moja ya usiku kwenye ghala.

Sheria zenyewe ni chache. Habari ya mmoja kupiga mipira ya mistari na mwingine ya rangi tupu isahau: mipira yote 15 ni halali kwa wote wawili, kila mmoja pointi 1. Kabla ya kupiga unataja mpira na tundu. Ukiingia unaendelea, ukikosa unakaa. Mnakubaliana mapema gemu iishie ngapi, mara nyingi 100, 125 au 150. Faulo inakukata pointi 1, na tatu mfululizo zinakukata nyingine 15. Pigo la kufungua gemu usipige kwa nguvu kama ulivyozoea, utamwachia mwenzako mipira imetawanyika meza nzima!

Kilichonitesa mimi ni mpira wa 15, yaani ule wa mwisho kubaki mezani. Ikishaingia 14, mnasimama. Mmoja uliobaki na ule mweupe wa kupigia vinakaa palepale vilipo, ile 14 inapangwa upya kwa pembetatu, nafasi ya mbele kabisa ikiachwa wazi. Sasa uutumbukize ule mmoja, na kwa pigo hilohilo mweupe ukapasue rundo. Lisipopasuka, huna cha kupiga.

Nilikuwa nasafisha meza kwa kuanza na mirahisi, halafu wa mwisho naukuta umeng'ang'ania ukingo wa mbali. Usiku mmoja yule mzee alisogeza shanga za alama kwenye waya ulio juu ya meza, akarudi, akaweka chaki ukingoni usawa wa mpira mmoja uliosimama kiganja kimoja tu kutoka kwenye rundo. Akaniambia huo nisiuguse hadi mwisho. Kisha akanionyesha mwingine wa kupiga kabla yake, ili mweupe ukae kwa pembe inayotakiwa. Nilikosa mara nyingi sana, lakini tangu siku hiyo nikaanza kuchagua mipira hiyo miwili ikiwa bado saba au nane mezani.

Springfield, mji wa jirani na huku, ndipo Willie Mosconi, bingwa wa pool wa Marekani, alipoingiza mipira 526 bila kukosa mwaka 1954. Piga hesabu: rundo lilipangwa upya zaidi ya mara 35, na kila mara alikuwa na mpira wake wa kupasulia. Mchezaji mwingine, Jayson Shaw wa Scotland, alifika 714 mwaka 2022. Nikisoma hayo nasisimka kabisa.

Kwa kuanza, chezeni hadi 25. Ukiwa peke yako, panga 14, weka mmoja pembeni, piga pigo hilo tu kwa saa nzima.

Angalizo la meza: zile za baa za kutumbukiza sarafu zinameza mipira mpaka ulipie tena, kwa hiyo kupanga upya haiwezekani. Tafuta ukumbi wa kulipia kwa saa, wenye meza za nyavu.