Jibu: Kifaa cha mkononi cha kudunga dawa kwenye msuli wa moyo

Mkuu, umeuliza kama springi ya nguvu itatosha kusukuma dawa kwenye msuli wa moyo, kifua kikiwa kimefunguliwa. Springi inaweza, lakini itakuponza. Ukisukuma kwa kasi, dawa inarudi nje kwa tundu lilelile la sindano, na moyo wenyewe hautulii: mara 60 hadi 100 kwa dakika.

Anza na kina. Ukuta wa ventrikali ya kushoto (chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini) una unene wa kama milimita 10 tu, kwa hivyo weka kola (pete ya kuzuia) karibu na ncha ili sindano isipenye hadi kwenye damu. Kola yangu ya kwanza nilichongewa na fundi wa Kariobangi, ukingo ukawa mkali, ikachana nyama. Ya pili tuliviringa ukingo, ikakaa vizuri.

Halafu sindano. Kipenyo cha ndani kikipungua kwa nusu, unahitaji shinikizo mara 16 kupitisha kiasi kilekile cha dawa kwa muda uleule. Kidole gumba cha daktari kitatetemeka, na ncha nayo itatetemeka. Hapo mimi ningeenda na mota ndogo inayozungusha skrubu, nayo skrubu isukume dawa badala ya kidole.

Fanyia majaribio moyo wa nguruwe, unakaribiana na wetu kwa ukubwa. (Mwambie mwenye bucha asiupasue, wangu alishaharibu miwili.) Tia rangi ya chakula kwenye maji, dunga, kisha kata uone rangi imeishia wapi.

Mambo ya Bodi ya Dawa na Sumu (wasimamizi wa dawa na vifaa vya tiba Kenya) ni baadaye, ila rekodi za usanifu kwa mtindo wa ISO 13485 (kiwango cha kimataifa cha ubora wa vifaa vya tiba) anza kuziweka leo.